Siku Julie Alipoitwa Martine

Mimi ni Mélanie. Nimekuwa muuguzi kwa miaka mingi, na wasichana wanaojifunza kazi kwangu wananiogopa kidogo. Kabla hawajamgusa mgonjwa ninawauliza, "Anaitwa nani?" Anayejibu kwa kusoma karatasi bila kumtazama mgonjwa, ninamrudisha mlangoni. Wanasema nina kichwa kigumu. Ni kweli, na nitawaambia nilikipata wapi.

Mwaka 1969 nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Likasi. Shule ilitutuma kufanya staji, yaani kujifunza kazi kwa mikono, kwa miezi minane. Nilipangwa katika zahanati ya wafanyakazi wa migodi. Nilikaa kwa mjomba wangu Philippe, aliyefanya kazi katika kiwanda cha kampani ya migodi na kupewa nyumba katika kambi ya wafanyakazi. Kila mwezi alileta posho ya unga na samaki wakavu. Mkewe, Mama Berthe, niliyemwita Tantine kama shangazi, alipika bukari nzuri, ule ugali wetu, na mimi nilikula bila aibu. Asubuhi nikivaa koti langu jeupe, binti yao Martine, wa miaka saba, aliniletea viatu mlangoni.

Siku hizo mfanyakazi, mkewe na watoto wake walitibiwa bure. Kila mmoja alikuwa na kadi yake. Kadi ilionyesha jina, uzito, magonjwa na dawa alizowahi kupewa. Mama Berthe alitunza kadi zote katika kopo la biskuti juu ya kabati.

Mwezi wa pili, wakati wa mvua, Clotilde alikuja kutoka Buluo. Clotilde ni mdogo wake Mama Berthe. Yeye na mumewe walikuwa wakulima, hawakuwa na kadi ya kampani. Alimwacha kwetu binti yake Julie akae wiki mbili, naye akarudi shambani. Julie pia alikuwa na miaka saba. Siku ya nne alishikwa na homa. Koo lilivimba hata akashindwa kumeza mate.

Asubuhi Mama Berthe alifungua kopo la biskuti. Akatoa kadi ya Martine.

"Tantine, ile ni kadi ya Martine," nikasema.

"Nayua jina ya mutoto yangu," akajibu. "Miaka yabo ni moja, urefu yabo ni moja. Nani atayua?"

"Minye nayua."

"Weye uko mutoto ya hii nyumba. Unataka bafukuze mujomba yako ku kazi?"

Kisha akainama mbele ya Julie. "Leo unaitwa Martine. Bakisema Julie, usiitike. Umesikia?"

Julie aliitikia kwa kichwa.

Nikamshika Julie mkono, tukatoka. Nilijiambia kwamba jina ni jina tu, homa ni ile ile na dawa ni ile ile. Nimekutana na wajinga wengi katika kazi hii, lakini sijapata kukutana na mjinga kama mimi wa asubuhi ile.

Zahanatini, muuguzi mkuu alikuwa Bwana Lambert, mtu mpole asiyependa haraka. Alitazama koo la mtoto, akapima homa.

"Tutamupiga sindano ya penisilini," akasema. "Mama, hii dawa alishaipata mbele? Haikumuletea matata?"

 Mama Berthe alitazama kadi, kisha akatazama sakafu.

"Hapa baliandika alipata mara tano mwaka yenye ilipita," akasema Bwana Lambert akisoma kadi. "Bila matata. Njo vile, mama?"

"Njo vile," akakubali Mama Berthe.

Bwana Lambert akanigeukia. "Mademoiselle, piga sindano. Minye niko hapa, naangalia."

Nilipiga mimi, kwa mkono wangu huu. Julie hakulia. Tulimkalisha kwenye benchi asubiri, kama ilivyo desturi.

Hazikupita dakika tano akaanza kujikuna shingo. Nilidhani ni mbu. Kisha nikaona midomo yake inavimba na uso unajaa madoa mekundu. Akajaribu kukohoa, na pumzi ikawa inatoka kwa sauti ya filimbi. Halafu akaanguka kutoka kwenye benchi.

Nilishtuka, nikabaki nimesimama. Bwana Lambert alimlaza kitandani, akainua miguu yake, akakimbilia kabati la dawa za dharura.

"Martine," aliita huku akivuta dawa kwenye sindano. "Martine, fungua macho. Unanisikia?"

Mtoto hakufungua macho.

"Martine. Martine." Akampiga sindano ya pajani. "Haitike. Anatutoroka."

Hapo ndipo kinywa changu kilipofunguka. Niliita, "Julie."

Mtoto akafungua macho. Alinitazama mimi, kisha akageuza macho polepole kumtafuta Mama Berthe, amuulize kama ana ruhusa ya kuitika.

Nimeona watu wakifa tangu siku ile. Hakuna kilichonishtua kama macho yale.

"Julie ni nani?" akauliza Bwana Lambert bila kuinua kichwa.

"Njo huyu," nikasema. "Hiyo kadi haiko yake."

Mama Berthe akakaa chini sakafuni. "Mama yake aliniambia," akasema. "Mwaka yenye ilipita, ku Buluo, balimupiga ile sindano, akavimba mwili yote. Aliniambia, nikasikia. Lakini kadi ilisema hapana matata. Ningesema nini?"

Mimi nilifikiri tumedanganya jina tu, kumbe tulikuwa tumedanganya mwili mzima. Niliona aibu na hofu pamoja.

Ilichukua muda mrefu. Bwana Lambert alimpa dawa mara ya pili, akashika mkono wa Julie akihesabu mapigo. Pumzi ikarudi kidogo kidogo. Mchana mtoto aliomba maji, nasi tukajua atapona.

Ndipo Bwana Lambert alipotuita, mimi na Mama Berthe. Nilingoja atukane. Hakutukana.

"Kadi haiko ya kufungua mulango tu," akasema. "Dawa yenye inaponesha mutoto moja inaweza kuua mwingine. Minye sina macho ya kuona mu damu ya bantu. Nasoma kadi, nasikia mama. Mukinidanganya, niko kipofu."

"Nilikuwa naogopa mutatufukuza," akasema Mama Berthe.

"Mutoto mugonjwa hivi hatumufukuze. Tunamusaidia kwanza, kadi tunauliza nyuma. Na ku mji kuko dispensaire, zahanati ya bantu yote. Julie anaweza kupata kadi yake kule." Akainua kadi ya Martine. "Tena fikiri. Kama nilikuwa naandika mu hii kadi penisilini inamuumiza? Siku Martine anagonjwa, tunamunyima dawa yake. Uongo moja unaumiza batoto babili."

Kisha akanitazama. "Weye, andika yote mu daftari ya staji. Na jina yako. Kesho ufike saa moja."

"Bado nitarudi?" nikauliza.

"Utarudi. Muntu mwenye alishituka hivi hatasahau."

Jioni mjomba alirudi kutoka kazini akasikia habari. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Weye uliyua?"

"Niliyua, mujomba."

Alisukuma sahani, akatoka nje. Kesho yake alikwenda mwenyewe kumweleza mkubwa wake wa kazi, akapewa barua ya onyo. Kazi hakupoteza. Mama Berthe alikaa wiki nzima bila kunisalimia. Alinikasirikia kwa kutaja jina, nami nilijikasirikia kwa kuchelewa kulitaja, kwa hiyo nyumba ilikuwa kimya sana.

Clotilde alikuja mbio kutoka Buluo, miguu imejaa matope. Alimkumbatia mtoto wake. Kisha akaja mbele yangu.

"Njo weye ulimupiga sindano?"

"Njo minye."

 "Siku ingine," akasema Clotilde, "mwite jina yake mbele, sindano nyuma."

Bwana Lambert alituandikia barua ya kueleza mambo yote. Wale ndugu wawili, Mama Berthe na Clotilde, walikwenda pamoja kwenye zahanati ya mji, wakapanga foleni tangu alfajiri. Julie akapata kadi yake mwenyewe. Juu yake paliandikwa kwa wino mwekundu: ASIPEWE PENISILINI. Mama Berthe aliishonea mfuko wa kitambaa ili isilowe mvua.

Halafu alifanya jambo ambalo sikulitegemea. Kambini kwetu kuazimana kadi kulikuwa kama kuazimana chumvi. Mama Berthe alipita nyumba kwa nyumba, akakaa na kila mama jikoni kwake. Alisimulia yote, na hakuficha kwamba ni yeye. Wengine walimcheka. Lakini baada ya hapo, mama akija zahanatini na mtoto wa ndugu, alisema mapema, "Huyu haiko wangu, mutusaidie." Tena walianza kusema wenyewe, "Hii dawa ilimuumiza mbele." Bwana Lambert aliandika kila neno.

Mwezi wa nane, staji yangu ikikaribia kuisha, nilitumwa wiki moja kusaidia kwenye zahanati ya mji. Asubuhi moja nikamwona Mama Berthe mlangoni, na Julie anachechemea. Alikuwa amerudi kwetu kwa likizo, na asubuhi hiyo alikuwa amejikata mguu kwa jembe.

Muuguzi wa pale, Placide, alichukua kalamu. "Mutoto anaitwa nani?"

Mama Berthe akafungua kinywa. Julie akamtangulia.

"Minye Julie, mutoto ya Clotilde ya Buluo," akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Penisilini hapana."

Placide alicheka. Watu kwenye benchi nao wakacheka. Mama Berthe hakucheka. Alitoa kadi kwenye mfuko wa kitambaa, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Njo jina yake," akasema. "Andika vile vile."