Tumbo la Chiriku Liliuma Kushoto

Mama alikuwa fundi cherehani. Binti yake alizoea kukaa miguuni pake, akifumua mishono na kuongea bila kituo. Ndiyo maana wakamwita Chiriku.

Siku hiyo Chiriku alinyamaza.

"Leo umemeza uzi?" Mama alimtania.

"Tumbo, mama. Lilianzia kitovuni. Sasa linauma hapa." Akashika chini, upande wa kushoto. Alikuwa ametapika, na mwili wake ulikuwa wa moto.

Mama aliweka mkasi chini. "Wifi, isije ikawa kidole tumbo. Tumpeleke hospitali."

Wifi yake, waliyeishi naye nyumba moja, alicheka. Yeye ndiye aliyekanda matumbo ya mtaa mzima. "Kidole tumbo? Mimi nilipasuliwa, wifi. Kovu langu liko kulia! Huyu ana gesi tu. Lete mafuta na dawa ya kuharisha, tumbo lisafike."

Nani ambishie mkandaji? Mama alileta mafuta na dawa.

"Shangazi, taratibu!" Chiriku alilia.

Kesho yake maumivu yalikoma ghafla. "Mnaona?" wifi alijigamba. Lakini jioni tumbo lilikuwa gumu kama ubao, na Chiriku akiitwa haitikii. Ndipo wakakimbilia hospitali.

Baada ya upasuaji, daktari aliketi karibu na Mama.

"Mtoto akiwa tumboni mwa mamaye, utumbo hujizungusha ukakaa mahali pake. Wa binti yako haukuzunguka. Ni nadra sana. Hata sisi tumeliona hilo tulipompasua. Kidole tumbo chake kilikuwa kushoto."

"Kama mkono wa shati ulioshonwa upande usio wake," Mama alinong'ona.

"Ndiyo. Lakini kulia au kushoto, mama, tumbo la namna ile ni la hospitali siku hiyohiyo. Halikandwi. Halipewi dawa ya kuharisha. Maumivu yalipokoma, hakuwa amepona. Kidole tumbo kilikuwa kimepasuka, usaha ukaenea."

"Ataamka?"



Chiriku hakuamka. Nyumbani cherehani ilibaki kuongea peke yake. Mama na wifi yake walisalimiana tu.

Miezi ikapita. Jirani akaja na mtoto mgongoni. "Dada, nikandie huyu. Tumbo, na anatapika."

Wifi alitazama mikono yake, kisha akaificha kwapani. "Wa kwetu nilimkanda hadi kaburini. Sikandi tena. Twende hospitali."

Mama alikuwa ameshavaa viatu.

Mtoto yule alipasuliwa mapema, akapona. Siku hizi hupita dirishani akipiga kelele. Mama husimamisha cherehani, akasikiliza mpaka sauti ipotee.