Mkono Nyuma ya Pazia

Alasiri za Kakamega hazikosi mvua, kwa hiyo Sumaiya hakushtuka giza lilipoingia mapema. Kilichomshtua ni vidonge vya vidonda vya tumbo vya mama mkwe wake, Ashura. Vilikuwa juu ya mto wa Sumaiya wa kulalia.

Akavirudisha sebuleni, kwenye kikombe cha uji ambamo Ashura aliweka dawa zake. Mvua iliponyesha tena, akavikuta palepale kitandani, kimoja kimebanduliwa kwenye pakiti yake.

"Mama, uliingia chumbani kwetu?"

Ashura akacheka. "Mluhya gani anaingia chumba cha mwanawe aliyeoa? Unataka nichekwe mpaka Matungu?" Kisha akaitazama sahani ya Sumaiya, ugali haujaguswa. "Na obusuma haukulangi siku hizi. Unafichanga nini?"

"Kiungulia tu, Mama."

Mungu amsamehe, alidanganya. Alikuwa na mimba changa, na zilizotangulia zilikuwa zimeharibika. Yeye na mumewe, Abdulmalik, waliificha hata kwa mama, kwa kuogopa kijicho.

Ijumaa ikaanguka mvua ya mawe. Sumaiya alikuwa amejilaza, kifua kikimchoma, aliposikia harufu ya udi iliyochanganyika na damu, kisha pazia la mlango likasogea, na mkono wenye bangili za Ashura ukamwinua kichwa taratibu kama anavyoinuliwa mtoto mgonjwa, na sauti ya Ashura, ile ile yenye mkwaruzo, ikamwambia fungua mdomo, mwanangu, hii itakutuliza, naye akafungua, kidonge kikakaa juu ya ulimi, mabati yakinguruma hata asiusikie moyo wake mwenyewe, ila katikati ya ngurumo hizo akasikia, kutoka jikoni ng'ambo ya ua, Ashura akikohoa na kufukuza kuku.

Akatema. Akakimbia mvuani, kidonge kiganjani.

"Nani amekupa?" Ashura aliuliza.

"Wewe, Mama."

"Mimi siwezi. Daktari aliniandikia hivi kwa sababu dawa ya magoti inanichimba tumbo. Akaniapisha nisimgawie mtu, sanasana mwenye mimba. Vinaweza kumtoa mtoto." Macho yakamshuka Sumaiya mpaka tumboni. "Suma."

"Ndiyo, Mama. Nisamehe, nilikuficha."

"Mimi umenificha," Ashura akanong'ona. "Na yeye aliyekupa, nani alimwambia?"

Kliniki walimpima Sumaiya tumbo kwa mashine: mtoto yuko. Maalim akaja kutoka Mumias, akasoma, akafukiza kila pembe, akasema jini limetoka. Dawa ikafungiwa sandukuni, ufunguo ukafungwa kwenye pindo la leso ya Ashura.

Mvua ikarudi. Wanawake hao wawili walikaa sebuleni kwenye kochi moja, bega kwa bega, Sumaiya ameshika tumbo, hakuna aliyetaka kuliangalia pazia. Harufu ya udi ikaja kwanza.

Kisha, kutoka chumbani, sauti ya Ashura ikasema kwa upole, "Fungua mdomo, mwanangu."

Sumaiya akageuka. Ashura alikuwa pale pale kando yake, amejiziba mdomo kwa viganja vyote viwili.