Ngoma Ilibaki, Sauti ya Mama Ikafutwa

Nina umri wa miaka thelathini na mmoja, sijaolewa, na kazi yangu ni kutengeneza ngoma za sinema. Si ngoma za kupigwa kwa mikono. Ni zile nzito unazosikia filamu inapokaribia pabaya, kiti kinatetemeka na moyo wako unaenda mbio bila kujua kwa nini... Hizo hutengenezwa kwenye kompyuta, na mimi huzitengenezea katika chumba kimoja mjini Embu, nyuma ya duka la dawa za mifugo. Majirani wamenizoea, ingawa wengine bado wanadhani nina wazimu.

Haya ninayaandika nikiwa nimesimama, kompyuta iko juu ya kabati. Tangu yaliyonipata, siwezi kuketi mahali pamoja kwa muda. Nikiketi, masikio yanaanza kutafuta sauti ambayo haipo. Kwa hivyo, wasomaji wenzangu, mtanivumilia nikirukaruka.

Jina langu ni Igoki na kwetu ni upande wa Siakago, kule chini kwenye joto na mtama. Nilipewa jina la mama yake mama yangu. Basi mama hakuniita Igoki hata siku moja. Aliniita "mama". Kwetu ndivyo ilivyo, mtoto akibeba jina la nyanya yake anakuwa mzazi wa mzazi wake. Nikifanya makosa alinikemea, "Mama, kwa nini unanitesa?" na watu wa kando wakacheka. Nilikuwa mtoto wake wa pekee, na baba alifariki nikiwa bado mdogo. Tulikuwa wawili tu.

Mutwiri ni mtu wa Timau. Alikuwa amefanya kazi katika shamba la maua huko, akachoshwa na baridi na harufu ya dawa, akateremka Embu na spika mbili na koti zito ambalo hakulivua hata jua likichoma. Siku ya kwanza nilimcheka. Baadaye nikampenda... nikampenda kweli kweli. Tukafungua ile studio pamoja. Mimi nilitengeneza sauti, yeye akatafuta wateja, maana ana ulimi mtamu. Mimi mtu akiniudhi namwambia papo hapo, na wateja hawapendi hivyo. Tulikuwa tumepanga kuoana. Wazee wake walikuwa wameshafika kwetu, na mama aliwachinjia mbuzi wake wa mwisho kwa furaha.

Kisha ikaja kazi ya ile filamu. Mwelekezi mmoja wa Nairobi alikuwa akitengeneza hadithi ya ukame na koo mbili zinazopigania mto. Alitaka ngoma ambazo hazijasikika popote pengine. Alisema waziwazi kwamba ngoma za kila mtu tayari anazo.

Hapo ndipo nilipoanza kuhangaika na programu. Ya kwanza ilikuwa na ngoma tele zilizopikwa tayari, unabonyeza tu na chumba kinanguruma. Lakini nilizifungua na kugundua kwamba hizo hizo ndizo zinazolia kwenye kila tangazo la pombe na kila mahubiri ya televisheni. Nikaitupa. Ya pili iliunda sauti kutoka kwa mawimbi matupu, kitu kipya kabisa, ila ilikuwa nzito hivi kwamba kompyuta yangu ililia kama kinu cha posho na kuzima. Ya tatu ilikuruhusu kuingiza sauti yoyote uliyorekodi mwenyewe, hata ya sufuria ikianguka, ukaivuta na kuinyoosha mpaka ikawa radi. Hiyo niliipenda... lakini nikasikia kuna nyingine bora zaidi! Nikapakua hiyo nyingine. Nikapakua na nyingine. Zote zilikuwa za kujaribu kwa muda, zikiisha naweka mpya, kazi inabaki nusunusu. Mutwiri alikuwa akitikisa kichwa na kuniambia nichague moja nitulie. Nani angeweza kutulia?

Nilipokwama kabisa, nilikwenda nyumbani na kinasa sauti changu. Ulikuwa wakati wa kuvuna. Wanawake wa kwetu hupura mtama kwa zamu, leo kwako, kesho kwangu. Wanatandaza turubai, wanasimama safu mbili wakitazamana, na fimbo zinapanda na kushuka. Ili zisigongane, mmoja huongoza. Fimbo zikishapiga, kiongozi anaita jina la mtu. Aliyeitwa lazima aitike "Niko!" ndipo fimbo zishuke tena. Usipoitika, fimbo zote zinabaki hewani na unachekwa mpaka jioni.

Mama ndiye aliyekuwa akiongoza. Bega lake la kulia liliumia zamani alipoanguka na mzigo wa kuni, kwa hivyo fimbo yake ilichelewa kidogo baada ya zile nyingine. Puu... pu. Puu... pu. Ungeweza kumtambua ukiwa umefumba macho.

Siku zote alikataa kupigwa picha, na simu yake ilikuwa ya vibonyezo, haikujua kutuma sauti. Lakini siku hiyo nilipoweka maikrofoni ukingoni mwa turubai, alicheka tu, akasema acha hicho chuma changu nacho kile mtama mpaka kishibe. Akaita majina ya wenzake wote, na alipowamaliza akanigeukia mimi niliyesimama na waya shingoni.

"Mama!"

"Niko!" nikaitika, na fimbo zikashuka.

Basi akanoga nayo. Akaniita tena na tena, wanawake wanacheka, vumbi la makapi linapaa. Yote hayo yakaingia kwenye kinasa sauti.

Nilirudi Embu nikaitia ile sauti kwenye programu ya tatu, nikaipunguza mwendo, nikaizamisha chini. Jamani! Fimbo za akina mama zikawa jeshi linalotembea. Mutwiri alisimama akashika kichwa. Ndiyo hiyo, alisema, hakuna mtu duniani aliye na hii. Kama kawaida yetu, nilifuta kwenye kinasa sauti ili kipate nafasi, na rekodi ikabaki kwenye kompyuta. Ningeimaliza kazi wiki hiyo hiyo. Lakini mimi na kuhangaika kwangu! Nilisema kwanza nijaribu programu moja nyingine, labda ingefanya mwangwi uwe mkubwa zaidi.

Kabla sijaijaribu, shangazi alipiga simu. Mama alikuwa ameanguka jikoni. Shinikizo la damu. Tulimfikisha hospitali akiwa bado anapumua, lakini hakusema neno tena. Alitutoka akiwa amenishika kidole kimoja.

Nilibaki nyumbani kwa matanga. Kabla Mutwiri hajarudi Embu kushughulikia studio, nilimwambia jambo moja tu. Ile rekodi ya mtama asiiguse. Ndiyo sauti pekee ya mama iliyobaki duniani. Siwezi kuisikiliza sasa, nilimwambia, lakini iko siku nitaweza. Aliniwekea mkono kichwani akaahidi. Nilimwamini kama ninavyoamini kesho kutakucha.

Niliporudi, alinipokea mlangoni akiwa na uso wa msiba. Kompyuta ilikuwa imekwama, alisema, ikabidi aisafishe na kuanza upya. Rekodi ilikuwa imekwenda.

Nilimuuliza imekwendaje. Akajibu kwa upole, upole ambao hadi leo unanichoma.

"Si ni zile program zako za kujaribu jaribu, Igoki? Uliweka nyingi, zikakosana. Lakini usijilaumu."

Usijilaumu! Nilijilaumu mpaka nikakonda. Nilimlilia mama mara ya pili, na safari hii muuaji alikuwa mimi mwenyewe. Nilianza kutembea. Natoka chumbani naenda stendi, narudi, naenda sokoni bila kikapu, narudi. Sikula. Sikugusa kompyuta. Mutwiri alinipikia uji, akaniambia nipumzike, kazi ya filamu atamtafutia mwelekezi mtu mwingine. Niliona nimepata mume. Nilimshukuru Mungu kwa ajili yake, mkiweza kuamini.

Baadaye akawa wa safari. Mara Meru, mara Nairobi. Hakunieleza na mimi sikuuliza. Niliyesababisha hasara kama ile ningemuuliza mtu nini?

Kilichonifumbua macho ni bango. Nilikuwa nimekwenda Meru mjini kumwona rafiki yangu, nikaliona limebandikwa ukutani mwa ukumbi. Ilikuwa filamu ile ile, inaonyeshwa alasiri hiyo. Chini, kwa herufi ndogo, nikasoma kwamba sauti na ngoma ni za Mutwiri. Sikuelewa. Niliingia nikaketi nyuma.

Koo mbili zikajipanga kando ya mto mkavu. Ngoma ikaanza kutoka chini ya sakafu.

Puu... pu.

Puu... pu.

Hilo lilikuwa bega la mama! Lilikuwa limekuzwa, limezamishwa, limevalishwa radi, lakini lilikuwa lake. Hakuna programu inayoweza kunificha bega lile. Mikono yangu ilishika kiti cha mbele na nikangoja, kwa sababu baada ya pigo huwa anaita. Nilijua mahali hasa ambapo angeniita.

Pigo likaja. Kisha... kimya. Mwanya mtupu, safi kabisa. Na mdomo wangu, kabla sijauzuia, ukaitika kwa nguvu.

"Niko!"

Watu waligeuka. Mwanamke mmoja akaninyamazisha. Pigo lingine, mwanya mwingine, mimi sasa nimeziba mdomo kwa leso. Kila mahali alipokuwa mama palikuwa pamekwanguliwa. Filamu ilipoisha walipiga makofi, na yule wa kando yangu akamwambia mwenzake kwamba kile kimya katikati ya ngoma ndicho kilichomtia hofu.

Mutwiri alikuwa nje akisalimiana na watu, na lile koti lake. Aliponiona hakukimbia. Nilimuuliza swali moja, sauti ya mama iko wapi.

"Igoki, niskize. Hiyo ilikuwa noise, kelele tu. Kila boom ikiisha kuna mtu anaitana hapo katikati, director hangekubali. Hii software niliweka iko na kitu ya kusafisha, unabonyeza mara moja tu inaisha."

"Ulijua ni mama?"

"Nilijua. Sasa ningekuambia aje na wewe uko matanga, na kazi ilikuwa inatakikana?"

"Na ile ya kwanza? Ile haijasafishwa?"

Akatazama viatu vyake. "Nilisave juu yake, ile ya kwanza ikafutika."

Kisha akasema neno ambalo sitalisahau. "Lakini ngoma si iko? Mkono wake si uko hapo?"

Sikumpiga. Sikupiga kelele, mimi ambaye hugombana hata na muuza nyanya. Nilimwomba anitumie ile ngoma, kwa sababu ndiyo iliyobaki. Akaituma tukiwa bado tumesimama pale. Halafu nikamwambia wazee wake wasirudi kwetu.

Wasomaji wenzangu, kufa ni kwa kila mtu. Kinachoniuma ni kwamba mtu aliyekula mbuzi wa mama yangu alimsikia akiita, akajua ni nani anaitwa, akabonyeza. Kisha akaniacha nijione muuaji huku akinikorogea uji. Tangu siku hiyo nimejaribu kila programu inayosemekana kurejesha sauti zilizofutwa. Zinanirudishia upepo. Hamna iliyo na kitufe cha kurudi nyuma mpaka pale kwenye turubai.

Nawasihi, hasa nyinyi vijana mnaokesha mkiuliza programu ipi inatoa ngoma nzito kuliko nyingine. Yoyote itanguruma. Chukueni moja mfanye kazi. Lakini ile sauti ya kwanza, yenye vumbi na vicheko na watu wanaoitana, iwekeni mahali ambapo hakuna programu itakayoifikia wala mkono wa mpenzi. Na kabla hujamkabidhi mtu rekodi zako na maisha yako, msikilize vizuri ujue ni nini anachokiita kelele. Mimi sikumuuliza Mutwiri hilo.

Na kama mama yako yu hai, mrekodi hata akikataa kwa mdomo.

Msimu uliopita wanawake wa kwetu walinisimamisha mahali pa mama niongoze. Niliita majina yao wote, nikafika mwisho, pale mama alipokuwa akiniita mimi, nikasita. Fimbo zikabaki hewani. Hakuna aliyecheka. Walinisubiri mikono ikiwatetemeka, mpaka shangazi yangu, aliyekuwa hajawahi kuniita kwa jina hilo, akaniita kwa sauti yake ya kukwaruza.

"Mama!"

Nikaitika, fimbo zikashuka. Kinasa sauti kilikuwa ukingoni mwa turubai, na rekodi hiyo sijaifungua kwenye programu yoyote.