Waya Uliopiga Kila Mtu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mbeyu alimpelekea baba yake chai. Alibeba birika mkononi, bakuli la mihogo ya nazi kichwani, na vitabu vyake kwapani. Baba yake, Ruwa, alikuwa msimamizi wa ng'ombe katika ranchi ya Mzee Matano kule Mtongwe, Likoni, na kazi ya kukamua ilimtoa nyumbani mapema kabla ya jua kuchomoza. Mbeyu alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili. Aliipenda njia ile kwa kuwa ilikuwa fupi: unapita kando ya shamba la Bi Mwanatabu, unakata malishoni, unafika zizini, kisha unatokea upande wa pili karibu na shule.

Taabu ya mahali pale ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa na pembe. Alikuwa ng'ombe mwekundu aliyeitwa Bi Harusi, mnene, mwenye macho ya haya na tabia isiyokuwa na haya hata kidogo. Nyasi za bure alizidharau. Alichokitaka ni mihogo ya Bi Mwanatabu, na akienda yeye, wenzake wote humfuata nyuma. Ua wa miti aliuvunja, ua wa miiba akauvunja. Mwisho Bi Mwanatabu alikwenda kwa Mzee Matano akalia mbele yake, na Mzee Matano akamwita Ruwa.

"Ruwa," alisema, "Bi Mwanatabu ni jirani yangu tangu enzi za baba yangu. Wallahi, ng'ombe hawa wakiingia kwake mara nyingine, wewe utafute kazi pengine."

Siku hiyo Ruwa alirudi nyumbani, akakisukuma chakula kando. Mbeyu alimwona, akaogopa.

Mwokozi alitoka kwa upande wa vita. Mdogo wake Ruwa, jina lake Gershom, alikuwa amerudi kutoka vitani Bama, kule Asia, mwaka huo wa 1946, baada ya miaka minne katika Keya, jeshi la Waingereza. Huko alijifunza ufundi wa stima, yaani umeme, na sasa alikuwa ameajiriwa katika karakana moja ya malori upande wa Changamwe. Jumapili akaja na betri ya lori, kikasha cha chuma na marobota mawili ya waya mwembamba.

"Waya huu?" Mbeyu aliuliza. "Bi Harusi aliyevunja miti, azuiwe na uzi?"

"Uzi huu una meno," Gershom alisema huku akicheka. "Hauui, lakini ukikuuma mara moja utaukumbuka. Basi mtu asiuguse. Umesikia, Mbeyu?"

"Abee, Baba Mdogo, nimesikia."

Alipokuwa akiuvuta waya, Gershom aliwasimulia mambo ya karakana. Wiki ya kwanza kazini alikuwa ameigusa swichi fulani kwa mkono uliolowa, akarushwa mpaka ndani ya pipa la grisi. Kwa kuwa alikuwa bado na akili za jeshini, alidhani amepigwa na afande. Basi akainuka, grisi ikimtiririka masikioni, akakaza mwili na kupiga saluti mbele ya ukuta. Watu wote walicheka mpaka wakashika mbavu. Mzee Matano, aliyekuja kutazama kazi, alikifurahia sana kisa hicho, na Gershom alipompa zawadi ya buti zake za mpira za jeshi, alizivaa papo hapo na hakutaka kuzivua tena.

Betri na kikasha viliungwa kwa mshipi mwekundu wa kupitishia stima, vikawekwa kwenye kibanda kidogo cha makuti, pale njia ilipokutana na waya. Ukikaribia ulisikia sauti ndogo: tik, tik, tik. Ng'ombe walikuja kutazama. Bi Harusi akatangulia, akanyoosha pua yake yenye majimaji, akaunusa waya. Kwa unene wake wote aliruka kama ndama, akageuka na kukimbia na mkia juu, na wenzake nyuma yake. Bi Mwanatabu alipiga vigelegele.

Jumatatu asubuhi Mbeyu alifika penye waya na birika lake. Alikuwa ameonywa, ndiyo. Lakini waya wenyewe ulikuwa mwembamba na umetulia, na kidole cha mtoto hakitulii. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akaugusa kwa ncha ya kidole kimoja tu.

Alijikuta ameketi chini. Chai ilikuwa imemwagika, mihogo imetawanyika majanini, na mkono wake mzima mpaka begani ulikuwa kama si wake.

"Umeanguka?" aliuliza Kahindi, mkamuaji, aliyekuwa akija na ndoo ya maziwa.

"Nimeteleza," Mbeyu alijibu. Aliona aibu kusema kweli, maana alikuwa amekatazwa.

"Watoto wa siku hizi hamtazami mnapokanyaga," Kahindi alisema, akainama amsaidie kuokota mihogo. Ndoo yake ya bati ikagusa waya. Kahindi aliruka juu kwa miguu yote miwili, ndoo ikaenda huku, kofia ikaenda kule.

"Nzi!" alisema kwa haraka, akijisugua mkono. "Nzi wa hapa ni wabaya sana."

Wakatazamana. Kila mmoja aliujua uongo wa mwenzake, lakini hakuna aliyetaka kuanza. Walipofika zizini walimkuta Ruwa ameketi kwenye nyasi karibu na waya, miguu ameinyoosha mbele, anapepesa macho.

"Napumzika kidogo," Ruwa alisema kabla hajaulizwa.

Siku ya pili yake, Bi Mwanatabu aliuona ule waya umenyooka vizuri, akaona hapa ndipo pa kuanikia leso yake iliyolowa. Kelele yake ilisikika mpaka kivukoni. Alipoulizwa, alisema amemwona nyoka. Nyoka mwenyewe hakuonekana, na leso ilibaki juu ya waya siku mbili kwa sababu hakuna aliyejitolea kuiondoa.

Mbeyu sasa alikuwa na shida. Kupita chini ya waya aliogopa, na kuzunguka mpaka lango kuu la ranchi kulikuwa mbali. Akakumbuka jinsi Baba Mdogo alivyounga ule mshipi mwekundu kwenye betri. Basi kila asubuhi alianza kuuchomoa mshipi kwa kijiti, akapita, kisha akaurudisha. Tik, tik, tik, na mambo yakaendelea. Jumatano alifanya hivyo, na Alhamisi pia.

Ijumaa mkaguzi wa shule alikuwa anakuja. Mbeyu alipouchomoa mshipi tu, akasikia kengele ya shule ikilia, mapema kuliko siku zote. Alitimua mbio. Alimpa baba yake chai bila hata kumwamkia sawasawa, na mshipi mwekundu haukumjia kichwani siku nzima.

Lakini Bi Harusi hakuwa mjinga. Kila asubuhi alikuwa akisimama hatua mbili kutoka kwenye waya, masikio mbele, akisikiliza. Siku hiyo alisikiliza sana. Hakusikia kitu.

Mbeyu aliporudi alasiri, alisikia makelele kutoka mbali. Baba yake na Kahindi walikuwa wakiwaswaga ng'ombe kumi na wawili kutoka kwenye mihogo, na Bi Mwanatabu alikuwa ameshika kichwa. Alikimbilia kibandani kabla mtu hajamwona, akaurudisha mshipi mahali pake, na tik, tik, tik ikaanza upya. Kisha akasimama pembeni, kama mtu aliyefika sasa hivi.

Mzee Matano alikuja na buti zake za mpira, amekasirika mpaka ndevu zinatetemeka. Akaenda moja kwa moja kwenye waya, akaukamata kwa mkono wa kushoto.

Watu wote walifumba macho. Walipoyafumbua, Mzee Matano alikuwa amesimama vilevile.

"Hii ndiyo stima?" aliuliza, akiutikisa waya. "Mimi naona kamba ya kuanikia nguo! Ndugu yako ametucheza shere, Ruwa."

"Mzee, waya ulikuwa unafanya kazi," Ruwa alisema kwa unyonge.

"Nani ameuonja? Nionyeshe mtu mmoja tu aliyepigwa na waya huu."

Ruwa alitazama chini. Kahindi alitazama juu angani. Bi Mwanatabu aliitazama leso yake, akaanza kuikunja upya ingawa ilikuwa imekunjwa. Wote watatu walikuwa wameuonja, na hakuna aliyethubutu kusema.

"Basi," alisema Mzee Matano bila kuuachia waya. "Gershom aje aondoe vyuma vyake. Na wewe, Ruwa, nilikwambia. Kesho usije."

Mbeyu alimwona baba yake akivua kofia taratibu. Angeweza kunyamaza, na hakuna mtu ambaye angejua maisha yake yote. Lakini yeye mwenyewe angejua, kila mara baba yake akitoka kwenda kutafuta kazi.

"Mzee Matano, ni mimi!" alisema kwa sauti iliyomshangaza hata yeye. "Waya unapiga. Mimi ulinipiga Jumatatu nikamwaga chai, nikasema nimeteleza. Kisha nikawa nauchomoa mshipi ili nipite. Leo nimesahau kuurudisha. Baba hana kosa, na Baba Mdogo pia hana kosa. Nisamehe, Mzee."

Mtoto wa Likoni haombi msamaha kwa mtu mzima huku amesimama mbali. Mbeyu alikwenda mpaka mbele ya Mzee Matano, akapiga magoti mchangani, akaupokea mkono wake wa kulia kwa mikono yake miwili ili aubusu.

Tik.

Mzee Matano aliruka na buti zake zote. Kofia yake ya kiua iliruka zaidi yake. Mbeyu alianguka chali, na mzee akaketi chini mbele yake, macho yamemtoka, midomo inatafuta neno.

"Subhanallah!" alisema mwishowe. "Mtoto huyu amenipiga na nini?"

Kisha Bi Mwanatabu, ambaye shamba lake lilikuwa limeliwa, aliangua kicheko. Alicheka mpaka akajishika kwenye nguzo. Kahindi akafuata, na Ruwa akafuata, na Mzee Matano aliyekuwa bado chini akawatazama mmoja mmoja, na mwisho yeye pia akashindwa kujizuia.

Jumamosi mchana Gershom aliitwa. Alisikiliza kisa chote huku akitikisa kichwa, kisha akaelekeza kidole kwenye miguu ya Mzee Matano.

"Ni hizo buti. Stima hutafuta njia ya kwenda ardhini, na mpira huifungia mlango. Ulipoushika waya, Mzee, haikuwa na pa kupitia. Mbeyu alipokushika mkono, na magoti yake yako chini, ikapata njia. Ikawapitia nyote wawili." Kisha uso wake ukabadilika. "Tena msidhani mmefanya urafiki na stima. Hii ni ya betri, inauma na kuachia. Ile ya majumba na karakana ikikushika haikuachii. Hiyo inaua."

Akawatazama wote waliokuwa pale.

"Sasa nataka kujua. Nani amepigwa na waya huu? Ainue mkono."

Mbeyu aliinua wake. Hakuna mwingine. Halafu, polepole, mkono wa Kahindi ukapanda.

"Nzi?" Mbeyu alimwuliza.

"Nzi," Kahindi alikubali.

Ruwa akainua wake, akisema kwamba kweli hakuwa akipumzika. Bi Mwanatabu akainua wake, akawaambia wamsahau yule nyoka. Mzee Matano, mwenye ranchi, akainua mikono miwili. Kule malishoni Bi Harusi aliinua kichwa, akawatazama.

Gershom hakucheka nao. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamwita Mbeyu karibu.

"Ile hadithi ya pipa la grisi sikuimaliza," alisema. "Nilipotoka kwenye pipa, nilikuta kumbe watu watatu walikuwa wamepigwa na swichi ileile kabla yangu. Kila mmoja aliogopa kuchekwa, akanyamaza. Nami walinicheka, nikaona haya, sikwenda kumwambia mkubwa wa kazi. Siku ya pili kijana mmoja akaishika. Mpaka leo vidole vyake viwili havikunjiki. Wanne tungeweza kumwonya, Mbeyu. Wanne."

Ruwa aliweka mkono begani kwa binti yake.

"Jana watu wazima watatu tulikuwa na neno la kuniokoa mimi mwenyewe," alisema, "na tuliona haya kulisema. Wewe ulikuwa na kosa kubwa kuliko letu, ukalisema. Kuchekwa kunapita kabla ya jioni, mwanangu. Ukikosea au ukiumia, sema upesi, ili anayekuja nyuma yako asiumie. Hilo nimefunzwa na mtoto wangu, wala sioni haya."

Mzee Matano alimrudisha Ruwa kazini siku hiyohiyo. Mbeyu hakusamehewa bure: Jumamosi nne mfululizo alipanda mihogo mipya katika shamba la Bi Mwanatabu, na jembe la Bi Mwanatabu lilikuwa zito. Gershom aliweka lango dogo la mti penye njia, watu wapite bila kuchomoa kitu, na Bi Mwanatabu akaichana ile leso yake vipande vipande, wakavifunga kwenye waya kutoka nguzo mpaka nguzo ili kila mpita njia auone.

Tangu hapo, mgeni yeyote aliyekuja ranchini asubuhi alimkuta Mbeyu langoni na birika lake.

"Shikamoo," Mbeyu humwambia. "Usiguse waya huo. Mimi niliugusa, nikakaa chini kwa makalio, na chai ya baba ikamwagika yote."

Wageni hucheka sana. Mbeyu hucheka nao, na hakuna hata mmoja aliyeugusa.