Nambari Ubavuni mwa Kabureta

Kila nikitoka shule nilipitia gereji ya mama, nikavua sare, nikavaa ovaroli na kuanza kudharau watu. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Niliwadharau wanafunzi wenzangu kwa sababu hawakujua spana namba kumi na tatu hufungua nini. Nilimdharau hata muuza vipuri wa mjini, mzee aliyeongea kwenye simu polepole kama anayechambua mchele. Jina langu la utani lilikuwa Injinia, na nilijipa mwenyewe.

Jumatatu moja mkunga mstaafu alileta gari lake kuukuu, lililomzidi mama umri. Lilitoa moshi mweusi na kuzimika kila liliposimama.

"Ijumaa nampeleka mzee wangu kupasuliwa macho," alisema. "Tukikosa siku hiyo tutangoja miezi mitano, na sasa hivi haoni hata sahani yake."

Mama alifungua kabureta, kifaa kinachochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, akaiweka mezani. "Isugue kwa mswaki na mafuta ya taa mpaka uione nambari ubavuni. Iandike, nimtumie muuza vipuri. Usikisie."

Kusugua ni kazi ya wasiojua kitu, niliwaza. Uchafu wenyewe ulikuwa umeganda kama ukoko wa sufuria. Nilifungua kitabu cha zamani cha magari, nikalipata gari la aina ile, nikanakili nambari ya kabureta iliyoandikwa pale. Nikampa mama karatasi huku nikipiga mluzi.

Jumatano pakiti ya vipuri ilifika kwa basi. Mama aliweka gasketi mpya, kipande chembamba cha kuziba maungio, juu ya kabureta, na matundu hayakulingana. Alimpigia simu muuza vipuri papo hapo, spika ikiwa wazi.

"Mzee, umenitumia takataka gani? Watu wananitegemea, wewe unasinzia dukani?"

"Nilitumia nambari uliyonipa, mwanangu."

"Basi macho yako yamechoka. Kuanzia leo nitanunua kwingine."

"Samahani, mwanangu," mzee akasema, "labda nimekosea."

Ningeweza kukaa kimya, na hakuna ambaye angejua. Lakini kusikia mtu mzima akiomba radhi kwa kosa langu kulinishinda.

"Mama, sikuisugua," nilisema. "Nambari ile niliitoa kitabuni."

Mama hakunipiga. Alinitazama vile nilivyozoea kuwatazama wenzangu, juu mpaka chini, kama kitu kilichotupwa. Ningependelea kofi.

"Mwambie mwenyewe," akasema, akanisogezea simu. Nilimwambia yote, na mama naye akamwomba radhi.

"Haya, nenda ukasugue," mzee alinijibu. "Nakungoja."

Nilisugua mpaka kucha zikawa nyeusi. Nambari ilipojitokeza haikufanana hata kidogo na ile ya kitabuni. Fundi fulani, miaka mingi nyuma, alikuwa ametoa kabureta ya asili na kufunga ya gari jingine. Mzee alinisomesha nambari ile mara tatu, tarakimu moja moja. Siku zote nilimdharau kwa kuongea polepole, kumbe ndiko kulikomfanya asikosee. Pakiti sahihi ilifika Alhamisi mchana.

Mama alifunga vipuri, kisha akanipa bisibisi. "Skrubu hii ndiyo inayopima mchanganyiko. Ifunge taratibu mpaka iguse, usikaze. Halafu ifungue mzunguko mmoja na nusu."

Tuliwasha injini, tukaiacha ipate moto. Ilitetemeka kama mgonjwa wa homa. Nilifungua skrubu robo mzunguko, ikachangamka. Nikazidisha, ikaanza kulegea, nikarudisha kidogo kidogo mpaka ngurumo ikatulia. Mwisho mama alipunguza kasi ya injini, na gari likabaki linanguruma pale pale bila kuzimika. Moshi mweusi ulikwisha.

Ijumaa asubuhi mkunga alikuja na mumewe, akiwa amemshika mkono.

"Kwanza mweleze kilichotokea," mama aliniambia. Nilimweleza yote, pamoja na nambari ya kitabuni.

Mkunga alimketisha mumewe garini, akawasha injini na kuisikiliza kwa muda. Kisha akanigeukia, bila tabasamu.

"Nimezalisha watoto miaka thelathini na minne. Kila mmoja nilimhesabu vidole, kimoja kimoja, hata nikiwa nimechoka hoi. Sikuandika kumi kwa sababu tu wengi wana kumi. Kutojua si aibu, binti yangu. Lakini anayeandika asichokiona ni mwongo, hata siku anapopatia."