Uvimbe Uliovuta Pumzi

Daktari alimwambia mama dobi azuie pumzi, naye akaizuia. Kwenye skrini kifua kikatulia, mbavu hazikucheza. Uvimbe peke yake, mdogo kama ndimu ndani ya pafu la kulia, ukaendelea kutanuka na kunywea.

Daktari akajisemea kuwa mashine imeharibika. Akapenyeza sindano kati ya mbavu, akatoa kipande chembamba kama uzi, na chumba kizima kikanuka nywele zilizoungua. Mgonjwa alikuwa bado amefumba mdomo, lakini kuna aliyekohoa.

Baada ya wiki maabara ikaleta majibu. Haikuwa saratani. Ulikuwa uvimbe wa nadra, gegedu na mafuta tu, na daktari akaandika kwamba hauna madhara, uachwe. Mume akacheka hadi machozi. Mkewe hakucheka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba tangu achomwe sindano, kilichomo kimekasirika.

Siku ya nne mume akarudi hospitalini amembeba mkewe. Mama dobi alikuwa akipiga pasi mashati ya watu, mchana kweupe, akaanza kupumua pumzi mbili, moja yake na nyingine nzito iliyopanda juu ya ile yake na kuikanyaga, mpaka midomo ikamgeuka rangi, akaanguka, na ile nyingine ikaendelea bila haraka kama ya mwenye nyumba aliyejipumzisha kwake. Shangazi wa mume, mganga wa majini, alikuwa amesoma dua hadi sauti ikamkauka. Jini alimcheka.

Daktari akaweka mirija masikioni, akainama kusikiliza kifua.

"Umeandika mwenyewe kuwa sina madhara," sauti ikamwambia humo ndani. "Ukinitoa, natoka na pumzi zake."

Mama dobi akafumbua macho.

"Kata, daktari," akanong'ona. "Hata nikifa, nife nikiwa peke yangu humu."

Wakampasua siku hiyo hiyo. Uvimbe ulipokatwa, moyo ukasimama. Dakika moja, mbili, tatu, daktari akiukanda kwa mikono na kumtukana jini mbele ya wauguzi, matusi ambayo hakuna aliyewahi kuyasikia kinywani mwake, hadi kifua kikainuka chenyewe. Kisha tena.

Mama dobi alipona. Uvimbe ulitupwa katika tanuru la hospitali, na kesho yake mchoma taka akaacha kazi. Hakutaka kueleza mengi. Alisema tu kwamba moto ulipokolea, kilichomo kilimuuliza, kwa upole, nyumbani anaishi na nani.