Mgeni Aliyehesabu Babu Zangu

"Mama, hii sauti ni ya nani?"

Yule mwanaume alibonyeza simu yake, akaiweka mezani.

Nikasikia mwanamke anacheka. Anakohoa. Anasema, "Idil, kaa na watoto vizuri, nitataja pole pole..."

Wallahi!

Ilikuwa sauti yangu!

Ile voisi nilimtumia dada yangu Idil, yuko Ijara. Yeye peke yake! Sikuweka kwa grupu yoyote. Na sasa inatoka kwa simu ya mtu nisiyemjua, kwenye ofisi isiyo na hata kibao mlangoni, hapa Garissa, saa nne asubuhi...

"Ni yangu," nikasema. "Umeitoa wapi?"

"Hapa mwenye kuuliza ni mimi."

Nilikuwa nimekuja kumtafuta binti yangu Ikran. Alishikwa siku tatu kabla.

Yule mtu akaandika namba kwa karatasi, akanisukumia.

"Na hii laini?"

"Siijui."

"Imesajiliwa na kitambulisho chako, mama. Imeandika kwa grupu ya binti yako, 'Tuchome kamera zote za soko, na mlinzi akiwa karibu tumchome naye.' Nani aliandika? Wewe au yeye?"

Nikaangalia namba tena...

Ya Allah. Niliijua.

Ngoja niwaeleze nyinyi mnaonisoma. Mimi nilifika darasa la sita tu, nisipofuata mstari nitapotea.

Naitwa Maryan. Nauza maziwa ya ngamia sokoni. Ikran ni kifungua mimba wangu, ana miaka ishirini na tatu. Tangu mwaka jana yeye na wenzake walikuwa wanazunguka na kipaza sauti. Walipinga kamera za kusoma sura za watu sokoni. Walipinga simu zetu kusikilizwa bila karatasi ya korti.

Watu walimtania sana. Abdihafid, muuza nyama, alimwita mbele ya wateja.

"We Ikran! Serikali itafanya nini na sura yangu? Hata mke wangu haitaki!"

"Basi adeer, ami yangu, mpe mke wako pole, halafu ukatae kupigwa picha!"

Soko lote likacheka. Mimi sikucheka. Mimi niliogopa.

"Ikran, wachana na hayo mambo. Sisi hatuna cha kuficha."

Akaangalia jerikeni zangu.

"Hooyo, mama yangu, maziwa mbona umefunika? Yana aibu gani?"

"Si nzi!"

"Haya. Na mimi nafukuza nzi."

Nikakaza vifuniko vya jerikeni. Maneno yake sikuyasikia...

Sasa yule mgeni.

Alikuja alasiri moja, vumbi mpaka kope, na mfuko mmoja. Msichana wa miaka kama ishirini na tano. Akasimama mlangoni, akatoa salamu, kisha akaanza kuhesabu.

"Mimi ni Sahara, Bare, Aweys, Yahye, Kulow..."

Nikahesabu na vidole vyangu. Maryan, Hanad, Guleid, Kulow. Tumekutana! Kulow ni baba wa babu yangu. Ndugu zetu wa Yahye walibaki Buna, kule Wajir, na huyo Bare nilimwona mara moja tu nikiwa mdogo.

Kisha akatabasamu, akaongeza, "Kulow yule aliyelilia ngamia kuliko mke."

Jamani! Hilo ni neno la ndani ya nyumba yetu! Mtu wa nje hawezi kulijua.

Nikamkumbatia nikilia.

Wengine mtasema, si ungemuuliza kitambulisho? Kwetu mtu ni babu zake. Vitambulisho ndiyo vinatusumbua! Mtoto anakaa mbele ya kamati ya vitambulisho, anaulizwa maswali mpaka anazeeka, karatasi haitoki. Lakini babu zako ukiwataja mpaka mkutane na wangu, umeingia. Kula. Lala.

Siku ya pili akaniambia, "Eddo, kamati imenikataa mara tatu. Sina kitambulisho, siwezi kupata laini. Nisajilie."

Eddo. Shangazi. Ningekataaje?

Hapa kwetu nani hajasajilia mtu laini? Mimi peke yangu nilikuwa na laini nne za watu wasio na kitambulisho. Hiyo ikawa ya tano.

Ikran alinivuta kando.

"Hooyo, mpigie mtu Buna kwanza umuulize."

"Nimuulize nini? Kama mgeni wangu ni mwongo? Huna haya?"

"Uliza tu..."

"Mwenzako hana rafiki hapa. Mwingize kwa grupu yenu, atapata watu wa kuongea."

Ni mimi niliyesema hivyo. Mimi!

Alikaa wiki tatu. Alinikamulia mbuzi, alinisuka nywele. Jumapili akasema anakwenda kumwona rafiki yake. Jumatatu asubuhi wakamchukua Ikran.

Basi turudi kwa ile ofisi, mbele ya ule mdomo wangu unaoongea mezani. Voisi ilikuwa bado inaendelea. Nilikuwa nawafundisha watoto wa Idil nasaba yao, maana siku hizi hakuna wa kuwafundisha.

"...Kulow alizaa Guleid na Yahye. Sisi ni wa Guleid. Wale wa Yahye wako Buna. Yahye, Aweys, Bare. Bare ana binti, Sahara, hatujawahi kumwona. Na Kulow alikuwa anaitwaje watoto? Aliyelilia ngamia kuliko mke! Hahaha!"

Nikashika meza.

Kila kitu alichosema yule mwanamke mlangoni, alifundishwa na mimi. Kwa mdomo wangu!

"Kuna mgeni alikaa kwangu," nikasema. "Laini nilimpa yeye. Anaitwa Sahara."

Yule mtu hata hakuandika.

"Mama, huyo mtu hayuko. Sikiza. Sema laini ilikuwa ya binti yako, urudi kwa maziwa yako."

"Na yeye?"

"Atasaidiwa."

Nikamrudishia karatasi yake. Nikasema, "Andika hivi. Laini nimesajili mimi Maryan, nikampa mgeni, binti yangu hakuishika. Kama kusajilia mtu ni kosa, ni kosa langu. Nipe wino niweke kidole."

Wakili wa Ikran na wenzake, Abdinasir, aliyaandika hayo maneno upya, nikaweka kidole, akaipeleka karatasi kortini. Siku ya tisa Ikran akaachiliwa. Kesi ya laini ikabaki na mimi mpaka leo.

Alirudi amekonda. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu...

Sasa tukitaka kuongea hata mambo ya chumvi, simu zinaingia kwa sufuria, tunafunika, tunatoka uani. Nikimpigia Idil nasikia kama kuna mtu wa tatu anavuta pumzi. Labda ni upepo. Sijui. Na nikitaja babu zangu kimoyomoyo, nikifika kwa Yahye nasikia yule mwanamke anataja pamoja na mimi.

Mnadhani imeisha?

Ijumaa iliyopita, baada ya swala ya mchana, mtu akagonga geti. Nikachungulia. Msichana mwingine, mwembamba, amefunga mkono kwa kitambaa.

"Eddo Maryan? Mimi ni Sahara, Bare, Aweys, Yahye..."

Nikashika komeo la geti!

"Nani amekutuma?!"

"Baba. Baba amefariki, eddo. Alisema niende kwako..."

"Ondoka!"

"Eddo, nimetoka Buna siku mbili..."

"Ondoka nisiite watu! Mara hii hamnipati!"

Alilia pale nje. Nilimsikia. Nikaziba masikio na shuka langu.

Saa kumi Idil akapiga simu.

"Maryan, umesikia? Bare amefariki, Allah amrehemu. Binti yake yuko njiani anakuja kwako. Umpokee, hana mtu mwingine."

Nikakaa chini palepale kwenye mchanga.

Akina mama wenzangu, sikizeni. Msisajilie mtu laini, hata akilia. Mtafutieni kitambulisho chake, simameni naye mbele ya hiyo kamati. Nasaba wafundisheni watoto mdomo kwa sikio, mkiwa mmekaa nao, si kwa simu. Na mtoto wako akisema simu zinasikilizwa, usimwambie hatuna cha kuficha. Mimi nilikuwa nacho. Nilikuwa na mlango ulio wazi kwa damu yangu, na sikujua ni kitu cha kuibiwa.

Tulimtafuta siku mbili, mimi na Ikran. Tulimpata jana kwa mama mmoja muuza chai karibu na stendi ya mabasi, anaosha vikombe kwa mkono mmoja.

Nikapiga magoti. Nikamwomba msamaha mbele ya wateja wote.

Hakukasirika. Alikausha mkono wake, akaangalia chini.

"Hakuna shida, mama," akasema.

Mama. Si eddo. Mama, kama unavyomwita mtu yeyote njiani.